Mombasa hadi Makunduchi kwa kusi

Kabla ya kuondoka

Binti wa kaka yangu amezaliwa na kukulia Leicester. Yuko chuo kikuu sasa, na Zanzibar alikuwa akiijua kwa picha tu, ijapokuwa wazee wetu wengi wa upande wa mama wamezikwa kule. Alinipigia simu mwezi wa Machi. "Shangazi, nakuja Aprili, tiketi ni rahisi mno." Nikamwambia asubiri kwanza.

Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja. Masika yakikolea, vichochoro vya mtaa wa Ng'ambo mjini hujaa maji, baadhi ya hoteli za upande wa mashariki hufunga kabisa, na mtu aweza kushinda siku nzima ndani akisikiliza bati. Kwa anayejua anachokifuata, masika yana uzuri wake, na bei hushuka kweli. Lakini mtoto anayekwenda kuona makaburi ya wazee wake kwa mara ya kwanza sikutaka ayaone kwa kupitia dirishani.

Tukaanza kuipanga miezi kwenye simu. Unguja ina mvua mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi hivi, na huja na joto. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi, upepo utokao kusini, huanza Aprili na kuyarudisha makwao, na katikati yake kuna kipupwe, Juni hadi Agosti, siku kavu zenye baridi ya usiku. Yeye alivutiwa na Februari, kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Nikamkumbusha kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi. Mchana wa Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa, na kula hadharani hakuruhusiwi. Kwa mwenye kufunga, sijui mji mzuri kuushinda ule baada ya magharibi. Ila safari ya kwanza, nilimwambia, iwe ya mchana na usiku vyote viwili.

Nikapendekeza Julai, kwa sababu ya kusi na kwa sababu ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja. Akakubali papo hapo.

Hapo ikaanza hesabu ya pili, na hii haibembelezeki. Mimi ni Mkenya. Tanzania siingii kwa visa, lakini kitambulisho cha taifa hakitoshi. Mpango wa kusafiri kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania hawamo, kwa hiyo ni pasipoti au kibali cha muda. Yeye ana pasipoti ya Uingereza: visa dola 50, tukaiomba mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji ya Tanzania, na pasipoti iwe imebaki na miezi sita au zaidi. Visa moja inatosha bara na visiwani. Lakini Zanzibar ina sharti lake peke yake: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hulipa bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na bima aliyoikata kwao Ulaya haihesabiki badala yake.

Lililomshangaza ni homa ya manjano. "Mimi natoka Uingereza, Shangazi, huko haipo." Kweli haipo, lakini alikuwa anapita Mombasa na kulala kwangu, na anayeingia Tanzania kutoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo. Cheti chenyewe hakianzi kazi siku ya sindano, huanza siku ya kumi baada yake. Kwa hiyo tulianza na siku ya Kogwa, tukarudi nyuma: siku za njiani, siku za kupumzika Mombasa, siku kumi za chanjo, siku za kungoja visa. Tarehe ya ndege ndiyo tuliyoipata mwisho. Wengi ninaowajua huanza na ndege, halafu hutafuta namna ya kuyabana mengine yote yaingie.

Jumatatu: Likoni hadi Tanga

Tulivuka Likoni alfajiri, kivuko kimejaa watu wa kazini, tukapanda matatu ya Lunga Lunga upande wa pili. Ukunda, Msambweni, mashamba ya miwa ya Ramisi, minazi, kisha barabara ikatulia.

Mpaka huu una kituo cha pamoja, yaani unasimama mara moja tu, katika nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Tukavuka upande wa Horohoro. Dirisha la Kenya likatugongea muhuri wa kutoka, hatua chache likafuata la Tanzania. Visa ya binti niliichapisha nakala mbili, nikafurahi, kwa sababu moja ilibaki pale.

Meza ya afya ndiyo iliyokuwa na foleni. Ofisa, dada wa makamo aliyevaa ushungi, alikuwa hatazami jina kwanza. Anatazama tarehe ya sindano. Mbele yetu alikuwa mama mmoja wa makamo yangu, amevaa vizuri, anakwenda harusini Tanga, na kadi yake ilikuwa mpya kabisa: amechanjwa juzi. Ofisa alimweleza kwa upole, mara mbili, kwamba mwili unahitaji siku zile kumi kujenga kinga. Mama akakaa kwenye benchi, akaanza kuwapigia watu wa harusini. Moyo uliniuma. Hakuna aliyemdanganya, alipata sindano, akapewa kadi, na hakuna aliyemwambia neno moja zaidi. Ninaandika haya hasa kwa ajili ya mtu kama yeye. Anayechoma sindano zile angeweza kulisema kwa pumzi moja: usisafiri kabla ya tarehe fulani.

Zamu yetu ilipofika, ofisa akaitazama pasipoti ya binti. "Umetoka Uingereza?" "Ndiyo." "Kenya umelala?" "Nimelala." Akanyoosha mkono kuomba kadi, akahesabu, akaturudishia. "Karibuni sana. Na mifuko ya plastiki?" Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya 2017, ila mizigo ya Ulaya bado huja nayo. Binti alitoa viatu vyake kutoka kwenye mfuko aliopewa dukani kwao, akauacha pale.

Tulibadilisha fedha, shilingi moja ya Kenya hupata karibu ishirini za Tanzania. Gari la Tanga likapita katikati ya mikonge, safu kwa safu mpaka macho yanachoka.

Nyumba ya wageni Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwenyeji alileta daftari: jina, namba ya pasipoti, unatoka wapi, unakwenda wapi, kabila. Binti alisimamisha kalamu kwenye kabila. "Niandike nini, Shangazi?" Nikamwambia aandike Mswahili. Akaandika kwa herufi kubwa. Usiku tulikula mkate wa mofa na samaki wa kupaka, tukalala mapema.

Jumanne: Tanga hadi Dar es Salaam

Siku ya basi. Muheza kulikuwa na machungwa, wachuuzi wakiyainua hadi madirishani; tulinunua kikapu kizima. Segera, Mkata, daraja jipya la Wami. Alasiri tukashuka kituo kikuu cha Mbezi, tukaingia basi la Mwendokasi hadi mjini. Tulilala karibu na bandari ili asubuhi tusipambane na foleni za magari.

Tiketi za boti nilikata jioni ile ile. Mambo mawili tu: jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na nauli ya mgeni hailingani na ya mkazi. Julai kuna wageni wengi, na boti ya asubuhi hujaa.

Jumatano: Dar es Salaam hadi Unguja

Boti huchukua karibu saa mbili. Kusi ilikuwa imeamka. Nilikuwa nimemweleza binti asiogope: ukienda Unguja wakati wa kusi, upepo na mawimbi vinakusukuma kwa nyuma, safari huwa nyepesi. Kurudi Dar ndiko kugumu, boti inayakabili mawimbi uso kwa uso, na mabaharia hugawa mifuko ya kutapikia kabla hamjatoka bandarini. Kwa hiyo anayeumwa na bahari na ana nafasi ya kuchagua, aende kwa boti, arudi kwa ndege. Binti alisimama nyuma, kanga kichwani, mpaka mnara wa Beit al-Ajaib ungepaswa kuonekana.

Haukuonekana. Jumba lile alilolijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja Disemba 2020, na mnara wa saa ukaanguka nalo. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa habari. Kuliona pengo lile kutoka baharini ni jambo jingine, nikanyamaza mpaka tukafunga gati.

Pale bandarini, Malindi ya Unguja, wageni wa nje hupita tena Uhamiaji, hata kama muhuri wa Tanzania umeshapigwa Horohoro. Zanzibar ina mamlaka yake na desturi zake za kupokea watu. Fomu, pasipoti, cheti cha bima cha binti kwenye simu. Kijana wa dirishani alikisoma, akamuuliza atakaa kwa nani. "Kwa Bibi, Mwembetanga." Akacheka kwa furaha. "Basi wewe si mgeni. Pita."

Mama Mkubwa, ndiye huyo Bibi yake binti, alikuwa mlangoni. Shikamoo, marahaba, machozi, udi. Hata chai haijaingia kikombeni akasema, "Haya wanangu, kwanza kwa sheha."

Hili halimo kwenye tovuti yoyote niliyoisoma. Ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha. Ukilala nyumbani kwa watu, mwenyeji wako anakupeleka kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wake (shehia), na sheha anataka kujua ni nani amelala kwenye eneo lake na kwa muda gani. Tulikwenda kwa miguu. Sheha alikuwa mzee mwenye kofia ya vito, daftari juu ya meza ya mbao. Aliandika, akauliza habari za Mombasa, akamwambia binti kuwa bibi yake mzaa babu alikuwa akiuza visheti pale kona. Kitu ambacho mtu angekiona ni urasimu kilimpa mtoto wetu nasaba yake kwa dakika tano. Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu Unguja, mkumbushe mwenyeji jambo hili mwenyewe. Anayepata taabu baadaye ni yeye.

Alhamisi: Mji Mkongwe

Asubuhi makaburini. Hilo nitaliacha kuwa letu.

Mchana tulizunguka: soko la Darajani, Mkunazini, Shangani. Jua la Julai linachukulika. Januari saa kama hizi ungekuwa unatafuta kivuli ukuta kwa ukuta. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na ubao wa tangazo upo, lakini nyumba zinaishi watu na milango ya nakshi hufunguliwa na watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Magoti na mabega yafunikwe. Niliona wageni waliovaa nguo za ufukweni wakipita mbele ya msikiti wakati wa adhuhuri, na wazee wa barazani wakiinamisha macho. Hakuna anayewafukuza, na ndiyo maana sisi wenye kujua tuwaambie mapema.

Jioni Forodhani, urojo na juisi ya miwa. Upepo ulikuwa baridi kiasi cha binti kuomba koti. Aliyemwambia abebe nguo nyepesi tu hakuwa mimi.

Ijumaa

Swala, biriani, usingizi. Mama Mkubwa alitupigia pasi nguo za kesho.

Jumamosi: Makunduchi

Daladala ya Makunduchi hupita Tunguu, msitu wa Jozani wenye kima punju, Kitogani, kisha inateremka kusini. Siku ya Kogwa kila chombo kinakwenda huko, na watu wananing'inia. Tulifika kwa shemeji yake Mama Mkubwa, mvuvi mzee, akatupokea kama watu aliokuwa akiwangoja. Na alikuwa anangoja kweli. Makunduchi husemwa kuwa si vizuri nyumba kuingia mwaka bila mgeni aliyekula ndani yake, kwa hiyo siku ile mgeni hana haja ya mwaliko. Ukipita mlangoni unaitwa.

Nilimwambia binti amuulize mzee mwenyewe juu ya tarehe, maana yeye alikuwa ameona siku tofauti kwa miaka tofauti akadhani watu wanajipangia. Mzee akavuta kigoda. Mwaka wa Nairuzi, akasema, ni mwaka wa jua, wa siku 365, uliokuja na watu wa Uajemi. Umegawanywa miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano za mwisho huitwa gatha. Kwa kuwa hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, unasogea polepole ukiilinganisha na kalenda ya ofisini. Kwa miongo hiyo wazee walijua siku ya kupanda mtama, siku ya kuondoa chombo, siku ambayo kaskazi inakata na bahari haina mwenyewe. "Nyinyi mnauliza Julai tarehe ngapi," alimwambia. "Sisi twauliza mwongo wa ngapi."

Binti aliandika yote. Mimi niliona aibu kidogo kwa niaba ya vipeperushi vya utalii ninavyoviona Mombasa, vinavyosema msimu wa juu na msimu wa chini tu, kama kwamba mwaka wa pwani hii umeanza siku hoteli ya kwanza ilipofunguliwa.

Uwanjani, wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini ya mji walikuwa wameshapanga mistari, mashina ya migomba mikononi. Wakapigana. Ni mapigano ya kweli kwa kiasi fulani, vumbi linapanda na mtu anaanguka, lakini shina la mgomba ni laini na sheria yao ni kwamba kinyongo cha mwaka mzima kinaishia pale. Nilimwona kijana akimpiga mwenzake mgongoni kwa nguvu zake zote, na muda mfupi baadaye wamekumbatiana, wamelowa jasho. Sisi wanawake tulikuwa pembeni, kanga mpya, na nyimbo. Nyimbo zile zinawasema wanaume bila kuwahurumia, na siku hiyo hakuna mwanamume anayeruhusiwa kukasirika. Bibi mmoja alimshika binti mkono akamwingiza kwenye mstari. Hakujua maneno, akapiga makofi, mpaka mwisho akawa ameshika kiitikio.

Kisha kibanda cha makuti kikawashwa moto, watu wakiwamo ndani, wakatoka mbio huku wengine wakikizunguka. Macho yote yakapanda juu kutazama moshi unaelekea wapi, kwa maana ndiyo bishara ya mwaka. Kusi iliuchukua kaskazini. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika na hakutueleza zaidi, nasi hatukumbana.

Chakula kilikuwa wali wa nazi, pweza, na boko boko. Tulilala pale pale.

Jumapili: Jambiani

Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua. Binti alitaka kuogelea, na tulipofika ufukweni bahari haikuwapo; ilikuwa mstari mweupe mbali kwenye mwamba. Wanawake walikuwa ndani ya maji ya magotini wakihudumia mwani, kilimo kilichoanza upande huu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kilichowapa fedha zao wenyewe. Wao huzipanga kazi zao kwa bamvua, kwa sababu maji hutoka mbali na mashamba yanafikika. Anayetaka kuogelea upande wa mashariki atazame mwezi kabla ya kuweka chumba: kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali hivyo. Upande wa Nungwi, kaskazini kabisa, tofauti ni ndogo zaidi.

Tulingoja. Alasiri maji yakajaa, akaogelea mpaka midomo ikamgeuka rangi.

Jumanne: kuondoka

Binti ameruka kutoka Unguja asubuhi. Mimi nina boti ya mchana, na kusi iko mbele yangu. Ndimu zimo mkobani.

Mama Mkubwa ameshatoa amri kuwa safari ijayo ni Ramadhani, kumi la mwisho, na Idi tuile kwake. Jana usiku tuliihesabu barazani. Binti atahitaji visa nyingine na bima nyingine. Ramadhani ikichelewa kidogo kuandama, kumi la mwisho litaanza kukaribia mawingu ya masika, kwa hiyo mwamvuli. Pasipoti yangu itakuwa imebaki na muda mfupi, naanza kuishughulikia nikifika Mombasa. Kadi za manjano peke yake ndizo zisizohitaji kitu: tangu Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inahesabiwa ya maisha.